Matela ndani ya Jumba la Mwami

Mugeni anayefika mara ya kwanza kwenye Jumba la Mwami, kule upande wa Majengo mjini Goma, lazima aulize mulango uko wapi, na watu wanamuonyesha dirisha. Ni dirisha kubwa, lina ngazi mbili za mawe mbele yake, lakini ni dirisha. Mulango wenyewe uko chini ya miguu yake, ndani ya jiwe, pamoja na jiko na chumba cha kulia na vyote vilivyokuwa chini, tangu volkano ya mwaka wa 2002 ilipopita pale, ikajaa ndani ya nyumba kama uji ndani ya sufuria, kisha ikaganda. Kilichobaki juu ya jiwe ni ghorofa ya pili. Siku hizi ndiyo ya kwanza, na ndiyo hiyo moja tu.

Mutu anayefagia dirisha hilo kila asubuhi anaitwa Katungu. Jina hilo lakini anaitwa na dada zake wa Butembo tu, wakipiga simu. Hapa Goma, kuanzia kanisani mpaka sokoni, yeye ni Mama Élisée, na bwana wake Sikuli ni Papa Élisée, na wenyewe kwa wenyewe nyumbani ndivyo wanavyoitana. Mutoto wao wa kwanza aliwapa majina hayo, na majina yamebaki.

Katungu alilijua jumba hilo likiwa bado na mulango. Alikuwa musichana, ameletwa Goma na shangazi yake kuuza karoti na poaro, vile vitunguu vya majani marefu, na kila wiki alipita pale na beseni kichwani. Nyumba ilikuwa ya mwami mumoja, mutawala wa kimila wa milima ya Masisi, aliyeijenga ili akishuka mjini asilale kwa watu. Mlinzi wake alikuwa kijana mwenye sauti kubwa, Mirindi, na Mirindi alikuwa akimwita kutoka getini, "Weye, Poaro! Leta beseni hapa, mupishi wa mwami anakutafuta!" Mara moja tu, akimngoja mupishi, Katungu aliinua macho akaona mapazia meupe ya salo, sebule ya juu, yanapepea. Akajiuliza ni watu gani wanaoketi mahali kama pale.

Mungu alimjibu kwa namna ambayo hakuifikiria. Volkano ilipokula nyumba yao, yeye na Sikuli walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wakarudi, hawakukuta hata bati moja. Alikuwa na mimba kubwa. Mwami alikuwa ameshafariki zamani, watoto wake wako mbali, na Mirindi peke yake alikuwa amekaa juu ya jiwe ambalo bado lilitoa mvuke, analinda nusu ya nyumba. Aliwaona, akafungua dirisha.

"Mwami hayuko. Mungu yuko. Ingieni."

Waliingia wao na familia zingine nyingi. Na ni pale, ndani ya salo ya mwami, kwenye sakafu, Katungu alizaa mutoto mwanaume. Moto wa volkano ulikuwa haujazimika chini ya nyumba, na sakafu yote ilikuwa na joto, ile joto ya mugongo wa mutu aliyelala. Wiki nyingi mutoto hakuhitaji blanketi. Mirindi alikuwa akimchungulia, anasema, "Huyu ametandikiwa na Mungu mwenyewe." Wakamuita Élisée.

Kwa muda mrefu nyumba ilikuwa kambi, kisha ikawa kapela. Shirika la mutaa, wakristo wa jirani, lilisali pale kila alhamisi mpaka kanisa lilipojengwa tena. Familia zilipata viwanja, Katungu na Sikuli wakajenga nyumba ya mbao kule Katoyi. Jumba likabaki na Mirindi na popo. Ndipo akaja Papa Baharanyi, mutu aliyesoma mambo ya sanaa Kinshasa, mupole lakini wa haraka haraka, akazungumza na wajukuu wa mwami, wakakubali. Akapaka kuta rangi nyeupe, akaweka taa, akaandika nje kwamba ni nyumba ya sanaa ya kisasa. Wachoraji walianza kuleta vitu vyao. Baharanyi alipotafuta mutu wa usafi, Mirindi hakumwacha amalize kusema.

"Kuna Poaro. Huyo nyumba inamujua."

Siku za kwanza Katungu aliona taabu. Alikuta sanamu ya mwanamuke iliyotengenezwa kwa mabidoni ya mafuta, akafanya ishara ya musalaba. Alikuta picha kubwa ya muzee anayetazama moja kwa moja machoni, na kila asubuhi alimsalimia, "Jambo papa," kwa sababu kumpita kimya aliona ni kukosa adabu. Baadaye alizoea. Alianza hata kuwa na zile anazopenda, na zikiuzwa zikaenda Ulaya alizikumbuka kama jirani aliyehama.

Élisée alikua, akawa murefu kuliko baba yake. Sikuli anatengeneza chukudu kule Ndosho, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinazobeba makala ya kupikia na viazi kutoka milimani, na alitaka mutoto ashike kazi hiyo. Mutoto alipenda barabara. Akawa konvoyeri wa lori, anakaa juu ya mizigo, anaruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi kwenye mupando. Mwaka wa 2021, volkano ilipotoka tena na mji wote ukakimbia, lori lao liliondoka kuelekea Walikale kuchukua mafuta ya mawese. Sikuli alikuwa ameanza kumchongea chukudu yake mwenyewe, ya mti muzuri, ili akirudi aone kama kazi ya baba inalipa. Mwili wa chukudu na magurudumu vilikuwa tayari. Usukani unapimwa kwa kifua cha mwenyewe, kwa hiyo Sikuli alisema, "Ukirudi nitakupima." 

Lori halikurudi. Wengine walisema lilichomwa porini. Mutu mumoja alisema amemuona kijana kama yeye anachimba madini mbali sana. Hakuna aliyeleta kiatu, hakuna aliyeleta shati.

Kwao, kilio cha mutoto kinaanza wakati baba amewasha moto nje. Wanaume wanakaa kuzunguka moto, ndani vitu vinatolewa, matela, yaani magodoro, yanatandikwa kando ya kuta, wanawake wanakaa chini na mama wa marehemu, wanalala naye, wanalia naye, mpaka amemaliza. Bila moto ule, mwanamuke anaweza kulia mpaka macho yavimbe, watu watasema anaumwa tumbo. Katungu aliomba mara moja tu, baada ya mwaka kuisha.

"Papa Élisée, tutandike."

Sikuli alikuwa ananoa shoka yake. Hakuinua kichwa. "Sijaona mwili. Kumtandikia matela mutu ambaye sijaona mwili wake, ni mimi njo nitakuwa nimemuua."

Katungu hakuomba tena. Lakini kanisani, kwenye maombi, taabu ilikuwa ileile kila mara. Wakiombea wazima, aliogopa kumtaja, maana kama amekufa nani atamuombea raha? Wakiombea marehemu, aliogopa zaidi. Akajifunza kusema moyoni, katikati ya hayo mawili, "Na yule Weye unamujua." Mungu alikuwa amevumilia sala hiyo kwa miaka.

Basi mwaka huu, kambi za watu waliokimbia vita, zile za kandokando ya mji, zilipofungwa na watu wakarudi milimani au wakaenda popote walipoweza, musichana mumoja muchoraji wa Rutshuru, Bénie, alipita kukusanya matela waliyoyaacha. Alikuwa na mpango na Baharanyi wa kutumia salo ya mwami. Katungu hakujua kitu. Alikuwa kwenye mafungo ya bamama wa parokia, siku kadhaa za kusali na kunyamaza, simu imefungwa. Alipoondoka, Muzee Mirindi alikuwa amelala na malaria, anatetemeka, na neno la mwisho aliloambiwa na Katungu ni, "Muzee, usituache kabla sijarudi."

Alirudi asubuhi moja, ametulia moyo, kitambaa cha kazi mkononi. Kiti cha Mirindi pembeni ya dirisha kilikuwa kitupu. Akaingia.

Viti vilikuwa vimetolewa. Picha zote zimeshushwa kutoka kwenye kuta. Dirisha la mwisho lilikuwa na pazia jeupe. Kando ya kuta, pande zote, matela yametandikwa, yale membamba ya sponji, mengine yamefunikwa na kikwembe, na katikati kuna mbabula, jiko la makala, yenye majivu, na jagi la maji, na kikombe kimoja. Hakukuwa na mutu.

Mutu wa Goma hahitaji kuelezwa chumba kama hicho. Katungu alisimama, kitambaa kikamwanguka.

"Oh, Muzee Mirindi," alisema. "Oh, papa."

Alivua viatu. Alichagua matela ya kona, ya wale wasio ndugu wa damu, akakaa na miguu amenyoosha, akafunga kichwa. Kisha akafungua simu, akamuita Mama Namegabe, mukubwa wa shirika.

"Mama, Muzee Mirindi ametuacha. Wameshamutandikia mu salo. Niko peke yangu."

"Peke yako ku kilio? Yezu wangu! Tunakuja."

Bamama wa shirika hawacheleweshi kilio. Walifika mumoja mumoja, wanapitia dirishani, wanashika kichwa kwa mikono miwili, wanajiachia kwenye matela. Mumoja alileta sukari, mwingine makala. Mama Namegabe alianzisha wimbo wa kusindikiza marehemu, kwa sauti yake ile nene, na katikati ya wimbo alianza kumtaja muzee: aliyetufungulia, aliyetupa pa kulala, aliyekula viazi bila chumvi ili batoto wetu wapate. Kila mumoja aliyewahi kulala kwenye salo ile alikuwa na la kuongeza. Walilia vizuri, kwa shukrani.

Hapo dirisha likafunikwa na kivuli. Muzee Mirindi aliingia taratibu, na koti lake la zamani, ameshika mandazi ndani ya karatasi. Aliwaona. Akavua kofia haraka.

"Bamama, poleni," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amekufa?"

Wimbo ulikatika. Mwishowe Mama Namegabe akasafisha koo.

"Ni weye, muzee."

"Mimi?"

"Njo vile tumeambiwa."

Mirindi alifikiri. "Lini?"

"Sijue. Pengine usiku."

"Basi njo maana nimeamka na njaa hivi," alisema Mirindi. Akauma andazi mbele yao, polepole, ili waone. Mwanamuke mumoja nyuma alikuwa ameanza kusali kumfukuza shetani. Alipoona andazi limeingia likamezwa, alianza kucheka, na kicheko kikazunguka matela yote, wengine wakajilaza kabisa, machozi ya kwanza na machozi ya pili yakichanganyika.

"Malaria iliniacha siku ya Bwana," Mirindi aliwaambia. "Hivi vitu ni vya ule musichana Bénie. Ni sanaa. Kesho mutaambiwa sufuria yangu ni sanaa." Akatazama kona. "Lakini nimesikia mambo mazuri juu yangu. Mama Namegabe, ulisema nilikula bila chumvi? Asante. Na huyu anayenililia bila kupumzika ni nani? Poaro! Poaro, niko hapa. Acha."

Katungu alikuwa hajaacha. Alimuona muzee, alijua ni muzima, alimshukuru Mungu kwa kweli. Lakini kitu kilikuwa kimefunguka na hakikujua kufungika. Alilia mudomo wazi, kama mutoto, anashika sponji kwa mikono miwili. Kicheko kilikufa kidogo kidogo. Mama Namegabe alitambaa kwa magoti mpaka kona, akamshika.

"Mama Élisée. Sasa unamulilia nani?"

Wote walikuwa wanajua.

Ni wakati huo Papa Baharanyi alipofika na Bénie, na Baharanyi alishika mashavu. "Bamama! Bamama, tafadhali! Hiyo ni kazi ya musanii, haikaliwi! Saa nane wageni wanafika kwa vernisaji, kufungua maonyesho!"

"Haikaliwi? Matela?" aliuliza Mama Namegabe. "Sasa ni ya kufanya nini?"

"Ni ya kutazama!"

"Tumetazama. Tukakaa."

Bénie, ambaye ni musichana wa maneno machache, alivua viatu vyake. Akaenda mpaka kona, akakaa chini upande wa pili wa Katungu, akamuuliza kwa heshima, kama mutoto anavyomuuliza mama, "Mama, ni wako?"

"Alizaliwa hapa," Katungu alisema. "Hapa ulipokaa. Sakafu ilikuwa na moto." Na akaelekeza kiganja chini, akagusa saruji. Ilikuwa baridi.

Bénie naye akagusa saruji. Kisha akasema bila kugeuka, "Papa Direkta, matela ni yangu. Waache wakae."

Baharanyi alitaka kusema jambo juu ya wageni, akaona uso wa Katungu, akatoka nje kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Lakini bamama hawakuanza wimbo. Walitazama dirisha. Nje hakukuwa na moto, na kila mumoja alijua kwa nini. Mirindi alikuwa tayari ametuma motari, kijana wa pikipiki, Ndosho kumuita Sikuli.

Sikuli alifika na vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliambiwa tu muke wake analia jumbani. Alisimama kwenye ngazi, nje ya dirisha, akaona matela, akaona nani amekaa kwenye kona. Uso wake ukafunga.

"Mama Élisée, simama twende."

Katungu alimtazama. Kwa ndoa yao yote hakuwahi kumkatalia mbele ya watu. "Siwezi, Papa Élisée. Miguu imekataa."

"Nani ametandika hapa? Mimi sijatandika."

"Hakuna," alisema Mirindi, amekaa kwenye kiti chake pembeni. "Imetandikwa na musichana kwa mambo yake. Sikuli, njoo kwanza unisalimie, mimi nimekufa leo."

"Muzee, si saa ya michezo."

"Si michezo. Waulize. Nimeliliwa hapa mpaka nimemaliza, nimeimbiwa, nimesifiwa. Halafu nikaingia. Unafikiri kulia kwao kuliniua?" Alimpa andazi lililobaki, na Sikuli alilipokea bila kujua amelipokea. "Nilicheka, Sikuli. Nimejua nani ananipenda. Mutoto wako naye aliliwe. Kama yuko kwa Mungu, atapata sala zake. Kama yuko muzima, siku moja atapita hapa kwenye dirisha, atawauliza nani amekufa, na mutamwambia ni yeye. Atacheka kuliko mimi. Huyo mutoto alikuwa anajua kucheka."

Sikuli alisimama na andazi mkononi. Halafu aligeuka, akashuka ngazi, akapanda pikipiki ileile iliyomleta, na mulio wake ukapotea kwenye mawe.

Katungu aliinamisha kichwa. "Ameenda," alisema. "Musimukasirikie. Anamungoja mutoto wake tu." Na akaanza kutafuta viatu vyake, maana kazi ilikuwa inamngoja, wageni wanakuja, na ngazi hazijafagiwa. Mama Namegabe alimshika mukono. "Ngoja kidogo." Katungu alingoja kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufanya kingine. Bénie alimimina maji kutoka kwenye lile jagi, ndani ya kile kikombe ambacho hakikuwa cha kunywea, akampa akanywa.

Waliisikia kabla ya kuiona. Mutu yeyote wa Goma anajua sauti ya magurudumu ya chukudu juu ya jiwe la volkano, lakini hii ilikuwa inasukumwa vibaya, inayumba, kwa kuwa haikuwa na usukani. Sikuli alikuwa ameiinamia kutoka Ndosho, mugongo umepinda, shoka imefungwa juu yake. Akaiweka mbele ya dirisha. Mbao zilikuwa zimekuwa za kijivu kwa kungoja. 

Hakuingia. Alivua shati la juu, akashika shoka, na kabla ya kupiga alipitisha kiganja kwenye mbao, kutoka mbele mpaka nyuma, mara moja, kama anavyofanya kazi ikiisha. Kisha akapasua. Mirindi alishuka kumsaidia kupanga. Papa Baharanyi alirudi na maji yake, akatazama, akakunja suruali, akaleta makaratasi ya kuwashia, akachuchumaa. Moshi ulipanda mbele ya nyumba ya mwami.

Ndani, Mama Namegabe hakungoja tena. Alianza wimbo, na safari hii walijua ni wa nani.

Wageni wa saa nane walifika, wengine na tai, wengine na viatu virefu. Waliona moto, waliona wanaume wamekaa juu ya mawe. Hapa kwetu hakuna anayepita moto wa kilio akaenda kutazama picha. Wanaume walitafuta mawe wakakaa. Wanawake walivua viatu virefu kwenye dirisha, wakaingia pembeni, wakapata nafasi.

Katikati ya rozari walifika kwenye maombi. Mama Namegabe aliombea wazima wote, wasafiri, wagonjwa, wale walio barabarani. Kisha akasema, "Tuwaombee marehemu wetu," na akamtazama Katungu, bila kumharakisha.

Katungu alikuwa na kiganja kwenye matela. Sponji ilikuwa nyembamba, lakini kwa kukaliwa na watu wengi hivyo, sasa ilikuwa na joto.

"Élisée," alisema.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," akaanzisha Mama Namegabe.

Bamama walifungua mudomo kuitikia, lakini sauti ya kwanza ilitoka nje, kwenye moto, nzito na ya kukwama, sauti ya mutu aliyekaa miaka bila kuitikia sala hiyo.

"Na mwanga wa milele umwangazie," alisema Papa Élisée.